Kadi Isiyo na Maua

Kadi za Eliaichi zilikuwa na sifa pale Same mjini, na ubaya wake ulikuwa mmoja tu: maua. Ukitaka kadi ya harusi, maua. Ya kipaimara, maua. Ya mwalimu mkuu anayestaafu huko Makanya, mzee wa ndevu na sauti ya kufukuzia nyani, maua vilevile, tena ya pinki! Alizitengeneza mwenyewe kibandani kwake karibu na stendi. Alichonga picha kwa wembe kwenye soli ya kandambili, akaigandisha kwenye kibao kidogo cha mbao ikawa muhuri, akauchovya kwenye wino na kuugonga juu ya karatasi ngumu ya manila. Watu walizipenda, na yeye alijua wanazipenda.

Aliyemsema ni Ziada, muuza vitenge wa kibanda cha pili. "Shoga, hivi kwako wanaume hawazaliwi? Mwaka jana nilimpa mume wangu lile waridi lako. Akaligeuza weee, akaniuliza nimemkosea nini."

Eliaichi alicheka hadi akashika mbavu, lakini maneno yalimkaa. Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa siku ya baba yake kanisani.

Baba yake, Mzee Zephania, alikuwa fundi seremala kule mlimani, na mabenchi ya kanisani ni mkono wake. Halafu kikaja kiharusi. Mdomo ulirudi, mguu ulirudi ukichechemea, mkono wa kulia ukagoma. Ungedhani kilichomuumiza ni kazi. Wala! Kilichomuumiza ni salamu.

"Nimpe mwenzangu mkono wa kushoto?" alisema. "Hata mtoto mdogo huchapwa kwa hilo. Bora nisionekane."

Na kweli hakuonekana. Kanisani haendi, msibani haendi, akisikia hodi anajifungia chumbani. Mzee Eliufoo, rafiki yake waliyepasua naye mbao tangu ujana, alikuwa kila akija anaambiwa mwenzake amelala. Mama Eliaichi alishachoka kudanganya. Usharika ukaamua kumfanyia ibada ya shukrani kwa kupona kwake, wazee wote wa umoja wa wanaume wakaalikwa, na mwenyewe akajibu kwa mkato: "Fanyeni. Mimi sitakuwepo." Jamani! Shukrani gani ya mtu aliyejificha chini ya blanketi? Eliaichi aliogopa, na tuseme wazi aliogopa nini: kwamba baba asipotoka Jumapili hiyo, hatatoka tena mpaka abebwe.

Ndipo alipoamua kumtengenezea kadi, na iwe kadi ya kiume. Tatizo, achore nini? Tai? Mzee alivaa tai siku ya harusi yake, na hata hiyo aliazima. Mpira? Hajui nani kamfunga nani. Alikaa na wembe mkononi, soli imelala mbele yake, mpaka Ziada akamuuliza kama anaiombea.

Mwishowe akamwona baba yake kichwani jinsi alivyokuwa akimwona utotoni: ameinama juu ya meza ya kazi, mguu wa kushoto mbele, mkono wa kulia unasukuma randa, maranda yanajiviringa na kuanguka, penseli sikioni. Akachonga hivyo hivyo. Akagandisha picha ile kwenye kibao cha mwisho cha mninga, katika vile ambavyo baba alimkatia kutoka kwenye mabaki, kabla ya kuugua. Alipoigonga kwa wino wa kahawia, sura ilikuwa ya mzee kabisa, hata lile pua! Furaha ikampanda, akaitia kadi kwenye bahasha upesi upesi. Manila nyingine alizifunga pamoja na muhuri na wino, akagonge nyumbani kadi za kuwashukuru wazee.

Jumamosi mchana alishuka kwenye pikipiki, vumbi la tambarare bado liko kwenye nyusi na baridi ya mlimani imeshaanza kumuuma. Mama alimpokea, akamwonyesha mlango wa chumba kwa kidevu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kama umetumwa unibembeleze, kale makande yako ulale."

"Sijatumwa. Nimekuletea kadi."

Mzee akaipokea kwa kushoto, akaikunjua juu ya goti. Eliaichi alikuwa amesimama begani kwake, na hapo ndipo alipoona. Randa ilikuwa mkono wa kushoto.

Muhuri hugeuza picha. Kulia kunakuwa kushoto, na kila mchongaji analijua hilo. Yeye mwenyewe maandishi alikuwa akiyachonga kinyumenyume bila hata kufikiri. Lakini picha zake zote zilikuwa maua, na ua halina kulia wala kushoto. Miaka yote ya kuchonga mawaridi ilimzoesha vibaya, na siku ya kumchonga mtu wa kwanza, tena huyu, akaukejeli ulemavu wake.

Mzee akaisogeza kadi karibu na macho. "Huyu nani?"

"Wewe, baba."

"Anapiga randa kwa mkono gani?"

Eliaichi akaanza kulia kama mtoto. Akachakura kwenye furushi lake, akatoa muhuri. "Baba, nisamehe, mimi nilichonga kulia! Angalia mwenyewe. Ni muhuri umegeuza, wallahi sikukusudia." Alikuwa Mlutheri wa kuzaliwa, lakini hofu ilikopa kiapo cha Ziada.

Mzee akachukua muhuri, akausogeza dirishani. Akatazama soli, akatazama kadi, akarudi kwenye soli. Eliaichi alisubiri kufukuzwa.

"Miguu," mzee alisema.

"Miguu imefanyaje?"

"Hapa kwenye kadi mguu wa kulia ndio uko mbele. Na bega limefuata." Akakunja uso kama anayekagua kazi ya mwanafunzi. "Mwili umegeuka wote. Huyu mtu randa yake itakwenda."

Akatazama sakafu. "Mimi nilijaribu. Mama yako alipokwenda sokoni, niliingia karakanani nikashika randa kwa kushoto. Ikanitoroka, nikaanguka nayo. Nikasema basi, nimekwisha." Akagonga kadi kwa kidole. "Kumbe nilibadilisha mkono tu. Miguu niliiacha palepale pa zamani."

Eliaichi alimwonea baba yake uchungu, na papo hapo akatamani kucheka, kamasi zinamtiririka.

"Acha kulia, unalowesha manila," mzee alisema. "Lete wino."

Wakasogeza stuli. Mzee akashika muhuri kwa kushoto, akaugonga. Kadi ya kwanza ilikwenda upande, fundi amelala chali. Ya pili ikapakaa wino kama tope. Mzee akaguna kwa Kipare maneno ambayo mama yake Eliaichi hakupenda yasemwe nyumbani, akabadilisha mkao, akatanguliza mguu wa kulia. Iliyofuata ikasimama wima.

Walikuwa katikati ya kazi hiyo, kiganja cha mzee kimeshakuwa cha kahawia chote, ikasikika hodi uani. Ni Mzee Eliufoo.

"Karibu, shemeji," mama aliitikia kwa sauti iliyochoka, "ila mwenzio amela..."

"Sijalala!" mzee akanguruma. "Apite!"

Mzee Eliufoo akaingia polepole, kofia mkononi, kama mtu asiyeamini alichosikia. Kwa mazoea akanyoosha mkono wa kulia, akakumbuka, akauacha unaning'inia njiani, hajui aupeleke wapi.

Mzee Zephania akaweka muhuri chini, akafuta kiganja kwenye suruali, wino ukakataa kutoka. Akaunyoosha mkono hivyo hivyo, wa kushoto.

"Huu ndio nilio nao, Eliufoo."

Mzee Eliufoo akashusha wa kulia, akatoa wake wa kushoto, wakashikana, wala hawakuachiana upesi. Walipoachiana alikitazama kiganja chake, kimejaa kahawia.

"Umenichafua, bwana wee," alisema.

"Usinawe," mzee akamjibu. "Kesho kanisani nitakuchafua tena."