Lami ya Cleophus Tate

Jumamosi mchana Bi Earlene Tate alikuwa jikoni kwake, kusini mwa Memphis, akikaanga kambare waliopakwa unga wa mahindi. Mpangaji wake, Desmond Pruitt, mwandishi aliyetoka Chicago kuandika habari za mji huo kwa ajili ya jarida la wasafiri, alimsomea alichoandika.

"Mji huu ulifariki zamani, ila hakuna aliyekuwa na adabu ya kuuzika."

Bi Earlene alicheka kidogo. "Una mdomo, mwanangu. Hebu ngoja Cleophus aje, umsomee na yeye."

Cleophus, mumewe, alikuwa amekufa miaka kumi na mmoja iliyopita kwa ugonjwa wa mapafu. Alifika saa saba kamili kama kila Jumamosi, akapangusa viatu mlangoni. Mabega yake yalikuwa meusi kwa lami. Alivuta kiti, akasikiliza.

"Mimi nilizikwa vizuri tu," alisema. "Kwaya mbili ziliimba. Wasio na adabu ni hao walionimwagia lami."

Desmond aliuliza ni akina nani. Cleophus alimaliza samaki wake kwanza, kisha akampeleka kwa miguu hadi kwenye ghala moja nyuma ya reli. Makaburi ya kanisa yaliyokuwa hapo yalikuwa yamemwagiwa lami na kugeuzwa maegesho ya malori ya ghala hilo. Wafu wapatao arobaini walikuwa wamesimama hapo juani, wengine wakisubiri lori liondoke ndipo waweze kurudi chini.

"Hawa unawajua?" Desmond alimuuliza mlinzi wa maegesho.

"Nitaachaje kuwajua? Yule pale ni shangazi yangu. Tunawaomba tu wasivuke mstari wa njano."

Desmond hakufanya mzaha. Alizunguka na daftari lake, akaandika majina yote, na kila mfu alimtajia herufi moja moja asije akakosea. Mama mmoja, Odessa Grubbs, alimshika mkono. "Andika pia kwamba nilikuwa mwalimu."

Jumapili alirudi Chicago. Bi Earlene alimfungia mkate wa mahindi, akamwambia, "Usituangushe."

Jarida lilitoka baada ya wiki sita. Mhariri alikuwa amebakiza utani wote na aya moja kuhusu mbavu za kuchoma. Desmond alimtumia Bi Earlene nakala pamoja na barua ya kuomba radhi.

Jumamosi hiyo Bi Earlene alimsomea mumewe mezani, ukurasa kwa ukurasa, bila kuruka.

"Bi Odessa yumo?" Cleophus aliuliza.

"Hayumo."

"Na mimi?"

"Na wewe pia humo."

Cleophus alijisogezea sahani. "Wiki ijayo nitachelewa," alisema. "Wanaongeza safu nyingine ya malori upande wetu."

"Utachelewa sana?"

"Sijui. Inategemea watakavyoegesha."

"Basi samaki wako nitamfunika," alisema Bi Earlene, akamsogezea chumvi.