Kopo Juu ya Banda la Kuku

Tulimwita Bibi Mboji. Sisi wanachama wa ushirika tulipoamua kulima kahawa bila mbolea ya dukani wala dawa za sumu, yeye ndiye aliyetufundisha kutengeneza mboji: kulundika majani, maganda ya kahawa na samadi, kisha kutia mkono ndani kupima joto lake.

"Tia mkono," aliniambia siku ya kwanza. "Au una harusi leo?"

Kila mwaka, kabla mkaguzi wa nje wa cheti chetu cha kilimo hai hajafika, tulikaguana wenyewe, jirani kwa jirani. Mwaka ule nilipangiwa shamba lake. Kuandika nilijifunza ukubwani, darasa la jioni, kwa hiyo fomu niliijaza polepole, nikirudia kila neno kwa midomo.

Shamba lilikuwa safi, halina hata mfuko wa plastiki. Kisha nikaona kopo jekundu juu ya banda la kuku.

"Bibi, hii nini?"

"Dawa ya utitiri. Kuku walikuwa wanaisha, masikini."

"Na samadi yao umeipeleka wapi?"

Sote wawili tuligeuka tukaitazama mibuni, kila shina limezungukwa na mboji nyeusi.

"Mungu wangu," akasema. "Niliwaza kuku tu."

Kanuni tuliijua. Shamba lililoingia sumu hutengwa miaka mitatu, na kahawa yake haichanganywi na ya wenzake. Bibi alikuwa amepita miaka sabini. Lakini nikinyamaza, na sumu ionekane huko kahawa inakonunuliwa, wote tungenyang'anywa cheti. Kalamu ililowa jasho. Nikaomba kimya: Bwana, nipe ujasiri, maana huruma ninayo tele.

"Labda nirudi kesho," nikasema.

"Urudi kesho unikute nimeshalifukia kopo?" Akacheka kidogo, bila furaha. "Mwanangu, mimi nilinyoosha mkono tulipowatenga wale ndugu wawili wa bondeni kwa kosa kama hili. Andika."

"Miaka mitatu, bibi."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Na uandike vizuri, mwandiko wako kama njia ya siafu."

Nikaandika. Machozi yalidondokea fomu, ikabidi niombe nyingine.

Kikaoni alisimama mwenyewe, akalieleza kosa lake bila kulipunguza. Kisha akaomba jambo moja tu: kwa kuwa kahawa yake haiwezi kuingia, aruhusiwe kuchambua ya wenzake. Tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kufika penye meza za kuanikia, akiondoa punje mbovu na kututania tuliochelewa. "Mmeamkaje, waheshimiwa?"

Alichambua misimu miwili. Wa tatu hakuufikia.

Miaka mitatu ilipotimia na shamba likarudishwa ushirikani, binti yake ndiye aliyeleta kahawa. Karani alinyanyua kalamu, akauliza aandike jina la nani.

"La mama," binti akasema. "Adhabu hii kaitumikia yeye."

Nilitoka nje kidogo, nikamshukuru Mungu kwa ajili yake.