Watoto Mia Moja na Kumi na Wawili wa Sikudhani

Usiku wa jana Sikudhani Mbwana aliota kwamba kidole chake kimetoka kazini kabla yake.

Sikudhani ni mhudumu wa vyumba katika hoteli moja ya Tanga, ghorofa ya pili, na ni mwanamke ambaye ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayesema samahani. Kabla ya kulala alikuwa amebana karatasi aliyopewa kazini chini ya chupa ya chai. Karatasi ilisema kwamba yeye, mwenye saini hapo chini, hana madai yoyote ya saa za ziada tangu Februari, na ilitakiwa ofisini kesho yake saa mbili asubuhi.

Alishaamua kuitia saini. Msimamizi wake, Bwana Mhando, si mtu mbaya. Hupenda kuwaambia wahudumu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wao wameinama miaka nenda miaka rudi, mvunguni wakakuta soksi tu. Lakini mama yake Sikudhani alipougua ghafla, ni Mhando aliyempeleka hospitali kwa pikipiki yake mwenyewe, na hakutaka hata pesa ya mafuta. Utamdaije mtu kama huyo? Basi akalala.

Ndotoni ni saa kumi jioni. Mhando amesimama mlango wa nyuma, kando ya mashine ya kidole inayorekodi saa za kuingia na kutoka, anasema yale anayosema kila wageni wanapozidi: "Tieni vidole kwanza, jamani, halafu mkamalizie vyumba."

Sikudhani anatia. Mashine inasema asante. Kidole chake cha shahada kinajichomoa taratibu, bila damu, kinavaa kandambili ndogo.

"Haya, dada, mimi nimeshatoka," kinasema. "Ukifika utanikuta nimekula."

"Wali uko kwenye sufuria," anajibu Sikudhani, maana hakuona cha kugombea.

Anapanda ngazi na vidole vyake tisa. Mlango wa chumba namba 214 unamzuia.

"Nani?"

"Sikudhani, mhudumu."

"Sikudhani ametoka saa kumi. Mashine imesema."

"Si ndiye mimi niliye hapa?"

"Mashine haisemi uongo, mama. Lakini kama ni kazi tu inayoingia, ipite."

Kazi ikapita. Kwenye kioo cha mle ndani hamna mtu: shuka linajitandaza, mto unajipiga vumbi, ndoo inatembea. Mgeni mmoja mzee anaingia, analitazama toroli linavyojisukuma, analiwekea noti ya elfu mbili. Toroli linamshukuru kwa Kijerumani safi. Sikudhani aliona wivu kidogo, tuseme ukweli.

Anatoka chumbani, na korido imekuwa kliniki ya watoto. Mabenchi yamejaa watoto wa kimo cha goti, wote wamevaa sare ya hoteli, na kila mmoja amebeba kichanga mgongoni. Wanamwona. Wanasimama wote kwa pamoja.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba," anasema, kwani adabu ni adabu. "Nyie ni watoto wa nani?"

"Wako. Sisi ni saa zako za ziada."

"Na hao mgongoni?"

"Ni nusu zetu. Saa ya ziada hulipwa kama saa moja na nusu, mama. Ndiyo sheria. Hatuwezi kutembea bila wao."

Mezani ameketi karani, naye ni taulo lililokunjwa umbo la bata, kama yale wanayowawekea wageni juu ya kitanda. Amevaa miwani.

"Mama yao ndiye wewe?" anauliza bata.

"Sijui. Ndiyo kwanza nawaona."

"Wamekaa hapa tangu Februari, mama yao hajaja kuwaandikisha. Ikifika saa mbili asubuhi hajatokea mtu, wanakwenda stoo."

Stoo yenyewe ni ileile ya hoteli, ya vitu vilivyosahauliwa na wageni: chaja, soksi za upande mmoja, meno ya bandia ya bwana mmoja aliyekula korosho. Sikudhani anaijua kanuni yake. Mwenye mali asipojitokeza, mali inakuwa ya hoteli, na hakuna wa kuuliza.

Mtoto mmoja anamvuta sketi. "Mama, kule stoo kuna giza?"

Moyo wa Sikudhani ukamuuma vibaya. Alikuwa ameingia mle mara nyingi, na taa yake iliungua mwaka juzi.

Hapo Mhando anaingia kliniki juu ya pikipiki, polepole ili asiwashtue vichanga. Amebeba ile karatasi, sasa imekuwa ndefu kama pazia.

"Dada Siku, tia saini tukapumzike. Si tunaelewana sisi?"

"Tunaelewana, kaka."

Anachukua kalamu. Kalamu inaanguka. Anaiokota, inaanguka tena. Bila kile kidole haishikiki.

"Kidole kiitwe," anaamuru bata.

Kidole kinaletwa kutoka nyumbani kikiwa na punje ya wali kwenye ukucha, na kimenuna. Mhando anafurahi kukiona.

"Shahidi wangu huyo! Hebu waambie, dada huyu alikuwa akitoka saa ngapi?"

"Saa kumi kamili," kinasema kidole.

"Mmesikia?"

"Aliyetoka saa kumi ni mimi," kidole kinaendelea. "Yeye nilimwacha anapanda ngazi na mashuka, akarudi saa kumi na mbili. Nimemwacha hivyo mara hamsini na sita. Nakula peke yangu, na wali haushuki."

Mhando akatazama viatu vyake. Hata ndotoni mtu yule ana haya, na kwa hilo Sikudhani alimpenda.

"Mama yako nilimpeleka hospitali mimi," alisema Mhando kwa sauti ndogo.

"Ulimpeleka, kaka yangu, na Mungu akulipe. Nitakushukuru mpaka naingia kaburini. Lakini hawa ni wanangu."

Bata anafungua daftari. "Hapa hawachukuliwi kwa jumla. Wataje mmoja mmoja."

Sikudhani anawatazama, na ajabu, anawajua. Wewe ni wa mkesha wa Idi, bomba la ghorofani lilipopasuka. Wewe ni wa harusi ya watu wa Muheza, nilipookota asmini kwenye zulia ua moja moja. Wewe ni wa siku ile nilipolia ndani ya 209, halafu nikafuta kioo. Anaendelea hivyo, na kila anayetajwa anagongewa muhuri kwenye paji la uso na kucheka. Mia moja na kumi na wawili, hakukosea hata mmoja, naye ni mtu anayesahau namba yake mwenyewe ya simu.

"Sasa lala, mama," wanasema.

"Nitalalaje? Sijamaliza 216."

"Tumemaliza sisi."

Kliniki imekuwa chumba chake cha kupanga, na kitanda chake cha futi tatu na nusu. Watoto wanakizunguka. Yule wa asmini anamwambia, kama anayeomba radhi, "Pesa hatuna, mama, hizo zipo kwa bosi. Na sisi tumezaliwa tukitandika, hatujui kazi nyingine." Kidole kinajirudisha mahali pake na kuviambia vingine visogee.

Akaamka. Kulishapambazuka, na komeo la mlango limefungwa kwa ndani kama alivyoliacha. Akataka kugeuka, akashindwa.

Shuka lilikuwa limebanwa chini ya godoro pande zote nne, pembe zimekunjwa kihoteli, mpaka ule upande wa ukutani ambako hata kiganja hakipiti. Na yeye yumo ndani. Miaka kumi na moja Sikudhani ametandikia watu, na hii ndiyo mara ya kwanza kutandikiwa. Alilia kidogo, kisha akaona hata vibaya kulichomoa.

Simu ikaita karibu na mto. Akapenyeza mkono mmoja.

"Dada Siku, umeamkaje? Ile karatasi umeshatia saini?"

"Bado, kaka Mhando. Wanangu wamekataa."

"Wanao? Wewe umepata watoto tangu lini?"

"Tangu Februari," alisema Sikudhani, ametulia ndani ya shuka lake. "Wako mia moja na kumi na wawili. Saa mbili nakuja nao."