Sabufa Yashuka Kabatini

Kwa Muthamia, kule Kibirichia, kitu cha thamani hakikai sebuleni uchi. Sabufa, ile spika ya besi, ilipoingia, mkewe Karwirwa aliipandisha juu ya kabati, akaifunika kwa kitambaa chake cha kufuma chenye maua ya njano. Muthamia akaweka rekodi ya kwaya yao ya kanisa. Besi ikatoka hafifu, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi.

Jambo hilo lilimkera si haba. Riungu, mwalimu wa kwaya, alitaka kumtoa kwenye safu ya besi, eti apumzike na wazee wenzake. Apumzike! Rekodi hiyo ndiyo ingemfunga Riungu mdomo, mradi sauti ya Muthamia isikike.

Binti yao Kendi, anayesoma chuo kikuu kule Nchiru, alimpa ujanja kwa simu: weka sabufa kwenye kiti unachokalia, fungulia muziki, kisha utambae kando ya ukuta. Besi inapojaa, hapo ndipo pake.

"Baba Kendi, si hiyo kitu ikae tu kwa kabati?" Karwirwa akamsihi. "Huko iko sawa."

"Mama Kendi, wewe unajua nini na besi?"

Akaiweka sabufa kwenye kiti chake, akafungulia muziki wa redio, maana rekodi ya kwaya alikuwa akimhifadhia Riungu. Mzee mzima akapiga magoti, akatambaa nyuma ya makochi, akapita gunia la viazi. Kati ya mlango na dirisha, besi ikamjaa kifuani. Akaihamishia sabufa hapo, bila kitambaa, akamwalika Riungu chai.

Riungu alipofika, wimbo ukaanza. Besi ilisikika yote, mtu kwa mtu. Sauti moja ilichelewa kila mstari, ikishuka wenzake wakipanda.

"Huyo anatuharibia!" Muthamia akafoka. "Ni nani huyo?"

Riungu akatazama kikombe chake. Kisha ikafika ile "Amina" ya mwisho, ambapo kwaya nzima hunyamaza na Muthamia huivuta peke yake. Sauti ilikuwa ile ile.

Aibu ilimshika Muthamia hata akashindwa kuzima sabufa. Riungu aliaga bila kumaliza chai.

"Ulikuwa unajua?" Muthamia akamuuliza mkewe.

"Miaka mingi."

"Na ukaninyamazia, Mama Kendi?"

Karwirwa alikuwa tayari ameinama, anaitandikia sabufa kitambaa chake.

"Sikunyamaza, Baba Kendi. Si niliiweka kwa kabati?"