Sakafu Iliyojinyanyua

Fahari ya mfunga nondo ni kunyoosha. Kilichopinda ni aibu ya fundi. Lakini mjane mmoja wa miaka hamsini na mbili, fundi wa kazi hiyo, alipopanda ghorofani asubuhi na kukuta nyaya za chuma, zile za kuvutwa zege likishakomaa, zimenyooka kama rula kutoka nguzo hadi nguzo, alishtuka.

"Shemeji, nani kazinyoosha hizi?"

Mdogo wa marehemu mumewe, msimamizi wa mafundi na ndiye aliyemtafutia kazi, akatabasamu. "Mimi. Jana mhandisi alipomaliza kukagua, niliziona zinapanda na kushuka kama mlevi. Nikang'oa vigoda vinavyozishikilia, nikaweka vya kimo kimoja. Kazi safi, au siyo?"

"Zirudi zilivyokuwa."

"Zege linafika saa nne, shemeji!"

"Shule ya jioni hiyo!" fundi mmoja akadakia. "Juzi kajua kugawanya, leo anamfundisha bosi!" Wakaangua kicheko.

Akikosea, kazi imeota mbawa. Akinyamaza, sakafu itabonyea na kupasuka, na watu watakuwa juu yake. Akageukia pembeni. "Ee Mungu, kama hiki ni kiburi, kizime. Kama ni kweli, nipe maneno."

Maneno hayakuja. Macho yake yakaangukia kipande cha sponji la godoro walichokalia wakati wa chai. Akakitoboa, akapitisha kamba moja kwa moja katikati, akakilaza juu ya matofali mawili.

"Vuta, shemeji."

Sponji likajibana tu. Akaichomoa kamba, akaipitisha upya: juu kwenye ncha, chini katikati.

"Vuta tena."

Sponji likainua mgongo kama paka.

"Waya ulionyooka unabana tu. Uliopinda unabana na kunyanyua. Kati ya nguzo ndipo sakafu inapolemewa, hapo waya upite chini. Juu ya nguzo, upite juu."

Shemeji akakuna kidevu, akatoa simu. "Malori yasipakie zege kwanza." Kisha akawageukia mafundi. "Mnakodoa macho nini? Vigoda virudi! Yeye atatusomea vimo kwenye mchoro."

Saa nane mhandisi alikuja, akapima upya, akatia sahihi. Zege likamwagwa.

Lilipokomaa, siku ya kuvuta nyaya ikafika. Jeki ilinguruma juu, naye alisimama chini, katikati ya msitu wa nguzo za muda zilizoishikilia sakafu, midomo ikimcheza kwa sala. Waya wa mwisho ulipokaza, akashika nguzo ya katikati. Asubuhi ya siku hiyo wanaume wawili walishindwa kuitikisa. Sasa ikazunguka mkononi mwake bila shida.

"Shemeji! Njoo ushike!"

Akaja, akatikisa moja, akatikisa nyingine, akaanza kukimbia kutoka nguzo hadi nguzo. Zote zimelegea. Sakafu ilikuwa imejibeba yenyewe.

"Imeinuka!" akapaza sauti. "Jamani, imeinuka!"

Mafundi wakashuka mbio, kila mmoja akigombea nguzo ya kuzungusha.

"Ghorofa inayofuata vigoda utapanga wewe," shemeji akasema, akihema. "Mimi nitakushikia ncha ya futi."

"Basi uwahi kazini," akamjibu. Kisha akainua mikono yote miwili. "Asante, Bwana!"

"Amina!" wakaitikia, hata wale wasiosali.