Kamba Iliyolowa

"Hivi wewe, Mama Irine, mtu aliyesababisha mumeo azikwe bila kengele, unamfagilia uwanja wa nini?"

Stumai, jirani yangu, aliniuliza hivyo bombani mwaka ule wa foleni za sukari. Nilimjibu kwamba nafagia nipate chumvi. Hakuamini, na alifanya vizuri.

Mume wangu Zephania alikuwa mtunza uwanja wa tenisi kwenye klabu ya shamba la mkonge, bondeni huku chini ya milima. Uwanja ulikuwa wa udongo wa kichuguu, uliochekechwa na kumwagiwa maji, ukapitishiwa rola mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Mistari aliipima kwa kamba ya katani aliyoifunga mafundo. Kamba hiyo aliitundika jikoni juu ya mafiga, penye moshi, kwa sababu katani ikilowa hufupika. Jambo hilo analijua kila mtu wa mkonge, isipokuwa wa ofisini.

Bwana Sylvester alikuwa wa ofisini, tena katibu wa klabu. Mwaka themanini na nne walikuja wageni kutoka Tanga kucheza. Jioni, maji yakiwa bado hayajakauka uwanjani, akaamuru mistari ichorwe. Zephania alipomwambia angoje asubuhi, kamba isije ikalowa, aliichukua akaivuta mwenyewe juu ya tope. Kesho yake wageni waliona uwanja mfupi, wakauliza kama ni wa watoto. Sylvester akawaambia mtunza uwanja alikuwa amelewa. Akaliandika hilo kwenye barua ya kumfukuza kazi, na habari ikafika usharikani.

Zephania alikuwa mzee wa kanisa. Hata dengelua, pombe yetu ya miwa, hakuionja harusini. Lakini mlevi hutengwa na meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya usharika atubu. Yeye alikataa. Alisema kutubia pombe ambayo hakuinywa ni kumdanganya Mungu kanisani mwake. Akakaa benchi la nyuma miezi kumi na minne, kisha malaria ikamchukua. Kwa kuwa alikufa ametengwa, jeneza halikuingizwa kanisani na kengele haikupigwa. Tulimwimbia wenyewe, sisi majirani. Stumai ni Mwislamu, hakuzijua nyimbo zetu, lakini alinishika mkono mpaka mwisho.

Arobaini haijafika, nilikwenda kwa Sylvester kuomba kazi ya marehemu. Alinipa upesi. Alidhani nimenyenyekea. Mimi nilitaka niwe mahali ninapoweza kumwona kila siku, kwa sababu mtu wa namna ile hurudia.

Nilifagia miaka minane. Shamba liliporomoka, mkonge ukamezwa na magugu, wavu nikaushona kwa nyuzi za magunia. Kisha soko likafunguliwa, sabuni zikajaa madukani, na ikasemwa shamba litauzwa. Sylvester, ambaye sasa alikuwa meneja, akataka wanunuzi wamwone ni mtu wa maana. Akaipata kampuni moja ya sabuni, ikakubali kugharimia mashindano ya wachezaji wa kulipwa, wanaume kwa wanawake. Yalikuwa ya daraja la pili. Wakubwa hawakuja. Walikuja wale wanaotafuta pointi za kuwapandisha, kutoka Nairobi, Lusaka na Kampala, wameteremka basi Same na raketi zao migongoni, wamebeba mikate yao wenyewe.

Siku moja kabla ya kufungua, nilimwagia uwanja maji jioni kama kawaida. Sylvester akaja na kamba mpya ya katani. Alisema safari hii mistari ataipima mwenyewe, asiharibiwe kazi. Aliipima kamba kavu kwa futi ya ofisini, akafunga mafundo sawasawa. Halafu akaitumbukiza kwenye ndoo yangu, eti ikilowa hunyooka.

Niliona. Nilikuwa nimesimama na mpira wa maji mkononi, hatua tatu kutoka kwake. Neno moja tu lingetosha. Nilimwomba Mungu anifunge mdomo, na sijui kama aliyenijibu alikuwa yeye. Sylvester alivuta, akapigilia vigingi, nami nikachora chokaa pale alipoonyesha.

Asubuhi watu walijaa, Stumai naye akasimama na majirani kwenye ua. Wanunuzi walikaa chini ya turubai, na Mchungaji Eliezeri, yuleyule aliyemtenga mume wangu, alikuja kufungua kwa sala. Mwamuzi mkuu alikuwa mwanamke kutoka Dar, Bi Honorata, mwembamba, mwenye futi ya chuma kiunoni. Aliniamkia shikamoo kabla hajamsalimu meneja. Kisha akapima. Akapima tena. Akasema uwanja umepungua karibu hatua moja, haupigwi mpira pale, na usipokuwa tayari saa nane atafuta mashindano na kuwarudisha wachezaji kwao.

Wanunuzi wakageuka kumtazama meneja. Naye akanigeukia mimi.

"Huyu mama ndiye aliyechora," alisema. "Nadhani leo ameamka vibaya."

"Sema nimekunywa, Bwana Sylvester," nikamwambia. "Si ndivyo ulivyosema mwaka ule?"

Bi Honorata akauliza nani alipima. Nikasema ni meneja, nikamwonyesha kamba, bado imelala kando ya ndoo, mbichi. Aliinyoosha kando ya futi yake mbele ya wote, fundo kwa fundo, na kila fundo lilipungua.

Sylvester akanivuta pembeni. Chokaa ile ilikuwa imenywewa na udongo. Ilibidi ikwanguliwe, pajazwe kichuguu kilichochekechwa, pashindiliwe, pakauke kabla ya saa nane. Kipimo cha maji ya kazi ile aliyebaki kukijua ni mimi peke yangu. Aliniita dada. Alisema nikimwokoa leo nitakula maisha yangu yote.

"Nenda pale kwa Mchungaji," nilimwambia. "Sema mume wangu alikuwa na nini siku ile. Sema kwa sauti, Stumai asikie kule kwenye ua."

Alitazama turubai, akatazama jua. Akaenda. Alisimama mbele ya Mchungaji na wanunuzi na wachezaji waliokuwa wakitafuna mikate, akasema Zephania hakuwa amelewa. Akasema kamba aliilowesha yeye, na barua aliiandika akijua ni uongo.

Mchungaji alivua miwani. Aliniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka kengele.

Nilichukua jembe nikaanza kukwangua. Saa nane kasoro walicheza. Binti mmoja wa Lusaka alipiga mpira ukagusa mstari wangu, vumbi jeupe likaruka, watu wakashangilia. Sikushangilia, nilikuwa nasikiliza upande wa kanisani. Saa kumi kengele ilipigwa, polepole, kama inavyopigiwa maiti. Uwanjani walisimama wakidhani kuna msiba. Msiba ulikuwepo.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya chakula cha Bwana. Sikwenda mezani. Nilikaa benchi la nyuma, mahali pake, maana anayekwenda pale sharti awe amesamehe, nami nilijipekua nikaona bado.

Wanunuzi walipochukua shamba walimwondoa Sylvester. Alikuja nyumbani mchana mmoja nikichambua maharage ya makande. Nilimpa kigoda na maji. Alikaa akiitazama kamba ya Zephania juu ya mafiga, nyeusi kwa moshi.

"Mama Irine," alisema, "jioni ile ulikuwa karibu nami. Uliona kamba naiweka kwenye ndoo."

"Niliona."

"Ungeniambia tu."

"Zephania alikuambia."

Aliweka kikombe chini, maji hakuyagusa. Alichukua kofia yake, akainama kupita mlangoni, akaondoka.