Ukingo wa Mbele

Yule mtu alifika uwanjani Jumanne ya pili ya Agosti, akisukuma gurudumu dogo lenye mpini mrefu, na hakuna aliyekuwa akimtarajia. Mimi na Mzee Delbert Krogh tulikuwa tumepiga magoti kwenye nyasi, tukinyoosha mnyororo wa kupimia sambamba na utepe wa chuma. Delbert alifanya hivyo kila Agosti kwa miaka arobaini na mmoja. Pete za mnyororo hulegea, alisema, na mnyororo uliolegea ni kama shahidi aliyelewa.

Mgeni alivaa kizibao cha rangi ya chungwa na viatu vipya. Alitusalimu kwa adabu, akauliza kama uwanja unaishia kwenye uzio au unaendelea mpaka kwenye mahindi. Delbert akamwambia akipata zaidi ya yadi mia atujulishe, maana timu yetu ilikuwa ikizitafuta tangu mwaka juzi. Mgeni alicheka. Gurudumu lilipokwama kwenye mtaro alitoa utepe mrefu, na kwa kuwa upepo ulimsumbua, nilimshikia ncha, kwanza kwenye kona ya kusini, kisha nyuma ya jukwaa. Nikamuuliza anapima nini.

"Sijui, dada," alisema. "Mimi napima tu. Wanaojua ni walionituma."

Tulimpa maji ya limau, akashukuru, akaenda zake.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimehitimu hapo hapo, chuo cha Harrow Creek, mwaka mmoja kabla, nikabaki kufanya kazi maktaba. Niliamini kwamba mahali padogo pakipendwa vya kutosha hapawezi kufa. Mdogo wangu Soren alikuwa anaanza mwaka wa nne wa masomo, na wa nne katika timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kukumbatiwa na kukimbizwa. Timu yetu inaitwa Makorongo, na tangu nikiwa na miaka sita sikuwahi kukosa mchezo wao wa nyumbani. Kwa misimu miwili mizima hawakuwa wameshinda hata mara moja. Kengele ya mnara hupigwa siku ya ushindi tu, na mhudumu wa mnara aliniambia njiwa walikuwa wamejenga kiota ndani yake.

Siku ile Delbert alikuwa ananikabidhi kibanio cha mnyororo. Nyonga yake ilikuwa imekwisha, na daktari alimkataza kusimama kwa saa tatu kwenye baridi. Watu wengine wawili wangeendelea kushika fito za mnyororo; alihitaji wa kibanio. Nilimuuliza kwa nini mimi. Akasema wengine wote mjini huanza bia kabla ya saa sita.

Kazi yenyewe si kubwa. Timu hupewa majaribio manne kuusogeza mpira yadi kumi. Ikifika, hupewa mengine manne. Isipofika, mpira ni wa wapinzani. Yadi hizo kumi ni mnyororo wenye fito mbili, moja kila ncha. Mwenye kibanio hukibana kwenye mnyororo, pale unapopita juu ya mstari mweupe ulio karibu, kati ya ile iliyochorwa kila yadi tano, ili refa akitaka kupima katikati ya uwanja ajue auweke wapi. Mstari una upana wa kiganja. Siku zote tunabana kwenye ukingo wa nyuma, ule wa upande timu inakotoka. Ukingo huo usipoonekana, unabana wa mbele, na unakumbuka. Refa atakuuliza ukingo gani, utamjibu kwa neno moja, na hakuna mtu mwingine duniani anayejua.

"Sasa niahidi," Delbert alisema, bado amepiga magoti. "Ukishika hiki, huna timu. Hushangilii, hulii. Ukiulizwa, unasema ulichokibana."

"Naahidi, mzee."

"Hata akiwa Soren."

"Hata akiwa Soren."

Niliona ni ahadi nyepesi. Nilikuwa nimeahidi mambo makubwa zaidi kwenye hotuba ya mahafali.

Septemba tulifungwa michezo minne. Watu wa mnyororo husimama upande wa wageni, kwa hiyo matusi yote yaliyotupwa kwa Makorongo yalipita kwanza masikioni mwangu. Kwamba ndege gani hawa, miguu fito, hawana hata nyama ya supu. Kwamba kocha wetu awafundishe kuruka, maana kukimbia kumewashinda. Mmoja alinionea huruma, akaniuliza kama nalipwa. Nilinyamaza. Kila Jumamosi jioni Soren alikuja nyumbani kwa mama, akala maharage ya pilipili na mkate wa mdalasini, akatueleza kwa makini ni wapi hasa walikaribia kushinda, nami nilimwamini kila neno.

Alhamisi ya pili ya Oktoba tuliitwa sote kanisani saa sita mchana. Nilidhani mtu amefariki. Rais wa chuo alisimama bila karatasi, akasema chuo kitafungwa mwezi Mei, baada ya miaka mia moja thelathini na mmoja. Ardhi ilikuwa imekwisha kupata mnunuzi. Alisema pia mambo mengine, lakini sikuyasikia. Niliona mpishi wa bwalo, Bi Luella, amekaa na mwiko mkononi, supu ikimdondokea kwenye viatu. Hakuna aliyelia. Mia saba tulitoka pale, tukasimama kwenye majani makavu bila kujua twende upande gani, kama watu walioshushwa kituo kisicho chao.

Delbert alikuwa ndani ya gari lake kando ya barabara. Alikuwa amesikia redioni. Nilipomkaribia alishusha kioo, macho kwenye usukani.

"Yule wa gurudumu," alisema.

Nilikuwa nimemshikia utepe. Kona ya kusini, nyuma ya jukwaa. Nilikuwa nimemuuliza kama anataka barafu kwenye maji yake.

Usiku ule ule wachezaji watatu walipigiwa simu na vyuo vingine. Wiki iliyofuata wakaondoka wanane, na wengine wakazidi kuwafuata. Timu iliyoanza na watu sitini na mmoja ikabaki na thelathini na wawili, na walinzi wakawa pia washambuliaji, wakibadilishana kofia zenye ukubwa tofauti. Tulifungwa kwa pointi arobaini, kisha hamsini na tano. Soren alipata ofa ya chuo cha Nebraska, akaikataa. Mama alimuuliza sababu, akasema mtu haondoki katikati ya msiba. Lakini chumbani, tukiwa wawili, aliniambia jambo jingine. Alisema anataka kushinda mara moja. Mara moja tu, wasije wakafungiwa mlango bila kengele kusikika. Nikamwambia itawezekana. Sikuwa na msingi wowote wa kusema hivyo, ila niliitaka kengele ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Mchezo wa mwisho ulikuwa katikati ya Novemba, dhidi ya Mafahali wa Millbrandt. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, na bado ilinyesha. Walikuja watu ambao sikuwa nimewaona tangu utotoni, wengine wamevaa makoti ya chuo ya miaka ya sitini. Delbert aliegesha gari nyuma ya uzio, mkabala na mimi, akakaa ndani na wipa zikienda.

Na Makorongo wakacheza. Sijui niseme nini zaidi. Mafahali walikuja wakicheka, na mpaka mapumziko kicheko kilikuwa kimewaishia. Kijana mmoja wao mnene aliyekaa benchi karibu nami alisema, bila kumwambia mtu yeyote, kwamba hawa si ndege tulioambiwa. Baadaye akanigeukia. "Dada, ukitaka kulia tuna taulo." Nilimwambia ailinde, ataihitaji mwenyewe. Hilo ndilo kosa langu la kwanza siku ile. Mwenye kibanio hajibu.

Zikabaki sekunde hamsini. Mafahali ishirini, sisi kumi na sita. Mpira ulikuwa wetu, yadi ishirini na tatu kutoka mwisho, na ni lazima tufike mwisho. Kupiga teke la pointi tatu kusingetosha. Tulikuwa tumepata majaribio manne mapya. Wenye fito waliweka mnyororo, nikainama kubana kwenye mstari wa ishirini. Ukingo wa nyuma haukuwepo. Buti za mchezo mzima zilikuwa zimeusaga, palikuwa na tope jeusi tu. Ukingo wa mbele ulionekana wazi, mweupe kama chumvi. Nikabana hapo. Mbele, nikajiambia. Mbele, mbele.

Jaribio la kwanza, yadi tatu. La pili, pasi ikaanguka. La tatu, yadi nne. Jukwaa lote lilikuwa limesimama. La nne walimpa Soren. Alikimbilia kwenye rundo la watu katikati, rundo likasimama, likajikokota, likaanguka, na kipenga kikalia. Walipoinuka mmoja mmoja, Soren alikuwa chini kabisa, kaukumbatia mpira kama mtu aliyeokoa mtoto mtoni.

Refa aliutazama mpira, akatazama fito, akaonyesha kwa mikono: pimeni.

Refa wa pembeni, Bwana Pruett, mwalimu wa hesabu wa mji wa jirani, alinijia. Alikuwa amefanya kazi nami michezo yote ya nyumbani. Alishika mnyororo penye kibanio, wenzangu wakanyanyua fito, tukaingia uwanjani wote. Kabla ya kuinama, aliniuliza bila hata kunitazama, kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

"Nyuma, kama kawaida?"

Hakuhitaji hata neno. Angeridhika nikiitikia kwa kichwa. Msimu mzima nilikuwa nimesema nyuma. Akiweka kibanio kwenye ukingo wa nyuma, mnyororo wote ungerudi upana wa kiganja, na kutoka pale niliposimama niliona kwamba kiganja kingetosha kuufanya mpira uvuke ufito. Soren alikuwa amepiga magoti kando ya mpira, tope mpaka kwenye kope, akinitazama. Alikuwa anatabasamu. Alidhani nimeona kitu kizuri.

Nilifikiria kengele. Nilifikiria utepe niliomshikia yule mgeni, na jinsi alivyosema yeye anapima tu. Kwa kitambo nilihisi kwamba tulikuwa tumeibiwa uwanja mzima, na mimi ninaulizwa kuhusu kiganja kimoja.

"Mbele," nilisema.

Bwana Pruett aliinua uso. "Mbele?"

"Wa nyuma umesagika. Nilibana wa mbele."

Alikwenda, akaweka kibanio ukingo wa mbele. Mnyororo ukavutwa mpaka ukakaza. Ufito ulisimama mbele ya ncha ya mpira, na kati yao palikuwa na nafasi ya vidole vitatu. Watu wote waliiona. Refa akanyoosha mkono upande wa Mafahali.

Sauti iliyotoka jukwaani haikuwa kelele. Ilikuwa pumzi, kama ya mtu aliyepigwa tumboni. Soren alibaki amepiga magoti. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilikaa usoni mwake peke yake, halina kazi, na hilo ndilo ninaloliona mpaka leo. Wenzake walimwinua kwa kumshika kwapani. Hakuna ajuaye kama wangefunga kwa majaribio manne mengine. Labda wangeanguka tena. Sasa hatutajua. Mafahali walipiga goti na mpira mara mbili ili kupoteza muda, saa ikaisha, na mnara ukakaa kimya.

Nilikunja mnyororo, nikaupeleka garini kwa Delbert. Alikuwa amezima wipa. Nilimkabidhi kibanio dirishani.

"Ukingo gani?" aliuliza.

"Mbele."

Alikigeuza kibanio kiganjani mara kadhaa. Nilingoja anisifu, nakiri hilo. Nililihitaji neno moja. Badala yake uso wake ulikunjamana, na mzee huyu ambaye sikuwahi kumwona akishangilia wala kusikitika akaanza kulia.

"Mimi ningesema nyuma," alisema. "Miaka arobaini na mmoja, Marit. Na leo, Mungu wangu, ningesema nyuma."

Nilimwangalia kana kwamba ni yeye sasa mgeni aliyefika bila kutarajiwa. Halafu nikasikia viatu vya meno vikigonga lami nyuma yangu. Soren alikuwa bado na kinga zake za plastiki mabegani, kofia mkononi, maji yakimtiririka. Alikuwa amesikia. Alimtazama Delbert, akanitazama mimi.

"Una hakika ulikuwa wa mbele?" aliuliza.

"Nina hakika."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Hakusema kwamba amenisamehe. Hakunikumbatia. Mvua ilikuwa inageuka theluji.

Mnyororo haulali umelowa. Hilo nalo lilikuwa kwenye yale niliyoahidi Agosti, ingawa sasa hakukuwa na Jumamosi nyingine ya kuuhifadhia. Nilifungua nyuma ya gari, nikakaa, nikatoa kitambaa, nikaanza kufuta pete ya kwanza, kisha ya pili. Vidole vilikuwa havisikii tena. Nilipofika kama pete ya thelathini, Soren alivuta ncha ya pili kutoka upande wa ufito, akaanza kuipangusa kwa jezi yake.